Bishaneni Kwenye Boksi, Si Kwenye Chuma

Ushauri kwa vikundi vinavyobuni kitu kwa pamoja

Swali linalorudi kila mara kutoka kwa wasomaji wa Muheza, wawe wakulima wa vikundi vya Amani na Magoroto au vijana wa karakana za mjini, ni hili: "Tulianza vizuri, wote tulikubaliana, mbona kitu kilipokaribia kwisha tukagombana?" Wanachuo wanaopewa kazi za ubunifu kwa makundi huuliza hilohilo kwa namna yao: "Nifanyeje na wenzangu hawa?"

Jibu fupi ni kwamba hamkukubaliana, mlinyamaziana. Kila mmoja aliitikia akiwa na picha yake kichwani, na picha hizo zilikutana kwa mara ya kwanza siku fundi alipokuwa amekwisha kata mbao. Kwenye kazi ya kubuni ubishi hauna budi kuwepo, na kundi lisilobishana kabisa ni la kutiliwa shaka. Kazi yenu ni kuuwahisha ubishi huo, utokee wakati kubadili mawazo kunagharimu boksi la biskuti na gundi, kabla ya fremu kuchomelewa na fedha kwisha.

Ili tusizungumze hewani, tutumie mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: kikundi cha watu kumi hivi, kwenye kijiji cha Usambara Mashariki, kinachotaka kubuni kikaushio cha jua cha viungo. Kikundi chenyewe ni cha kufikirika, lakini shida zake ni za kweli. Amani hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na anayekausha iliki au karafuu huko hushinda akianika na kuanua. Kama nyinyi mnabuni mashine ya kukamua machungwa, lebo ya juisi, kibanda cha soko au ramani ya zahanati ya kuwasilisha darasani, hatua ni zilezile.

1. Kabla ya mchoro, andikeni sentensi moja

Makundi mengi huanza na penseli. Anzeni na sentensi inayojibu mambo manne:

- Kitu hiki ni cha nani?
- Kitamfanyia kazi gani?
- Atakitumia wapi, na katika hali gani?
- Kisizidi gharama gani?

"Tunataka kikaushio cha kisasa" si sentensi ya kazi, maana kila mtu ataitikia na kila mtu ataelewa lake. Jaribuni hii: "Kikaushio cha kaya moja, kinachokausha iliki bila kupoteza rangi ya kijani, kinachoweza kuachwa nje mvua ikinyesha, kwa gharama ambayo mkulima anaweza kuilipa kwa mauzo ya msimu mmoja."

Mara tu sentensi hiyo inaposomwa, ubishi wa kwanza utazuka, na ni ubishi wa maana. Mwenye iliki anataka kivuli, kwa sababu iliki ikipigwa na jua moja kwa moja hupauka, na mnunuzi hutazama rangi. Mwenye karafuu anataka jua kali ili zikauke haraka na kuwa kahawia iliyokolea. Mwenye mdalasini anafikiria magome marefu yasiyoingia kwenye trei. Watu watatu wote walikuwa wamekubali "kikaushio". Sasa mna mambo mawili ya kuchagua: mbuni kikaushio cha iliki peke yake, au kikaushio chenye kifuniko cheusi kinachovuliwa siku ya karafuu. Uamuzi wowote kati ya hayo ni sawa, mradi ufanyike leo.

Kosa la kawaida: kuandika sentensi ndefu inayomridhisha kila mwanachama. Sentensi ikiwa na "na pia" tatu, hamjachagua.

2. Angalieni nani yupo na nani hayupo

Kundi la marafiki watupu huelewana haraka na hukosea kwa pamoja. Kwa kazi ya kubuni mnahitaji watu hawa, hata kama mtu mmoja atabeba nafasi mbili:

- Atakayekitumia. Kwa kikaushio, ni yule anayeanika na kuanua kila siku. Mwenye shamba anaweza asiwe yeye.
- Atakayekitengeneza. Seremala au fundi wa kuchomelea awepo tangu kikao cha kwanza, asiitwe tu kupokea oda.
- Mtu wa vipimo na hesabu. Awe na futi kamba, daftari na subira.
- Mwenye kuandika maamuzi. Kazi hii ina sehemu yake hapa chini.
- Mratibu. Huyu huitisha vikao, hulinda muda na huhakikisha kila mtu amesema. Si lazima awe ndiye anayejua zaidi, na mara nyingi ni afadhali asiwe.

Namna hii ya kuchanganya watu imekwisha jaribiwa hapa kwetu. Mwaka 2014 Arusha ilikuwa mwenyeji wa IDDS, mkutano wa kimataifa wa ubunifu ulioanzia chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2007. Humo mafundi, wakulima na wanafunzi huketi kwenye kundi moja na kutengeneza kitu kwa mikono yao, badala ya mmoja kufundisha na wengine kusikiliza. Bernard Kiwia, fundi baiskeli wa Arusha aliyepitia mikutano hiyo, ni mmoja wa walioanzisha karakana ya ubunifu ya Twende mjini humo. Kitu cha kuiga ni kile cha kwanza kabisa: fundi yumo ndani ya kundi wakati wazo linazaliwa.

Mkiwa zaidi ya saba, gawaneni. Watu kumi wakizunguka mchoro mmoja, watatu huchora na saba hutazama simu. Wawili washughulikie trei, wawili paa na nailoni, wawili mlango na miguu, kisha mkutane kuunganisha.

3. Amueni mapema nani anaamua nini

Wahenga walikwisha sema manahodha wengi chombo huenda mrama. Lakini nahodha mmoja anayeamua kila kitu naye huishia kubaki peke yake chomboni. Dawa ni kugawa maswali kwa aina zake:

1. Maswali yanayopimika. Trei iwe na upana gani? Tundu la hewa liwe kubwa kiasi gani? Hapa msipige kura. Pimeni na mjaribu. Watu tisa wakikubaliana kwamba hewa itapita, hewa haiwajui.
2. Maswali ya ladha. Rangi ya lebo, umbo la mlango, jina la bidhaa. Mpeni mtu mmoja au wawili mamlaka, wasikilize wenzao, waamue, na iishie hapo. Makundi hupoteza jioni nzima kwenye rangi ya kijani.
3. Maswali ya fedha, usalama na umiliki. Haya yanahitaji wote wakubali, na kukubali kwenyewe kuandikwe na kutiwa saini.

Mkianza kubishana, mtu aulize: "Hili ni la aina gani?" Nusu ya ugomvi huisha hapo, kwa sababu mtakuta mnapigia kura jambo la kupimwa, au mnapima jambo la ladha.

4. Pandeni ngazi ya gharama pole pole

Hapa ndipo moyo wa makala hii ulipo. Kila ngazi inagharimu zaidi ya iliyotangulia, na kila ngazi ina ubishi wake. Msiruke.

- Ngazi ya kwanza: udongo na kijiti. Choreni kitu chini kwa ukubwa wake halisi, kwa majivu au kwa kamba na vigingi. Aliyezoea ramani na asiyejua kusoma wote wataelewa. Tembeeni ndani yake. Hapa ndipo mtagundua kikaushio hakipiti kati ya jiko na mgomba.
- Ngazi ya pili: karatasi. Kila mwanachama achore wake peke yake kwa dakika kumi na tano, bila kuchungulia wa jirani, kisha zote zibandikwe ukutani. Asiyejua kuchora achore hivyohivyo.
- Ngazi ya tatu: boksi. Tengenezeni kwa maboksi, vijiti, gundi na nailoni ya mfuko. Sehemu inayoguswa na mkono, kama trei au mlango, itengenezwe kwa ukubwa wake kamili.
- Ngazi ya nne: mabanzi. Fremu ya mabaki ya mbao na misumari, ya kutumika wiki chache. Muheza ina shamba la mitiki la Longuza na maseremala wasiokosa mabanzi. Ulizeni kabla ya kununua mbao mpya.
- Ngazi ya tano: kitu chenyewe. Mbao zilizopigwa randa, chuma, nailoni nzito inayostahimili jua.

Tazameni ngazi ya tatu inavyofanya kazi. Vijana wamechora trei yenye upana wa sentimita 120, ili iliki nyingi ziingie kwa mara moja. Kwenye karatasi inapendeza. Boksi la ukubwa huo linawekwa juu ya meza, limeegemezwa ukutani kama kikaushio kitakavyoegemea nyumba. Mama mmoja wa kikundi anasogea, anainama, ananyoosha mkono kiganja kikiwa wazi kama anayegeuza iliki. Vidole vinakomea katikati. Anajaribu upande wa pili, kuna ukuta. Hasemi neno, anawatazama tu. Trei inakatwa nusu kwa kisu, na hakuna aliyeaibika, maana ni boksi. Trei ileile ingekuwa ya mbao na wavu, mtu angesimama kuitetea kwa sababu alikwisha ilipia.

Ngazi ya nne nayo ina lake la kufundisha. Hewa ya moto hupanda, hivyo kikaushio huhitaji tundu la chini la kuingizia hewa na la juu la kutolea. Wengi hufanya la juu dogo wakiogopa kupoteza joto. Wekeni iliki mbichi kidogo kwenye kikaushio cha mabanzi siku ya jua, mrudi mtazame nailoni kwa ndani. Kama matone yametanda upande wa juu na yanadondokea trei, unyevu umekosa pa kutokea, na iliki zitaota ukungu. Panueni tundu la juu, mfunike kwa wavu wa kuzuia wadudu, mjaribu tena. Aliyesema tangu mwanzo kwamba tundu ni dogo asicheke. Aliyesema linatosha asinune.

Onyo: msipende sana kitu cha ngazi ya tatu. Kikianza kupakwa rangi kabla ya kujaribiwa, mmekwisha kuanza kukilinda.

5. Mtumiaji asiulizwe tu, atumie mbele yenu

Ukimwuliza mtu "Unaonaje hiki?" atasema kizuri. Ni adabu yetu. Mpe kitu mkononi, mpe kazi halisi, kisha funga mdomo. Tazama anaposita, anapokigeuza, anapoomba msaada.

Milima hii inajua gharama ya kutomhusisha mtumiaji. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, Lushoto, na baadaye ukapanuliwa kwenda sehemu nyingine za Usambara. Wakulima waliamriwa kulima kwa matuta. Mmomonyoko ulikuwapo kweli, lakini kazi ya kutengeneza matuta iliongeza mzigo mkubwa, hasa kwa wanawake waliokuwa wakilima chakula cha nyumbani. Watu wakayagomea, na mpango ukaachwa mwaka 1957. Waliochora walikuwa wameihesabu ardhi, hawakuihesabu mikono.

Hivyo, katika kikao chenu, ulizeni wazi:

- Nani ataongezewa kazi na kitu hiki?
- Ataifanya saa ngapi ya siku, na ataacha nini?
- Kikiharibika, nani atakitengeneza, na kwa kifaa kinachouzwa wapi?

Jibu la mwisho likiwa "Dar es Salaam", badilini kifaa.

6. Kubalianeni vipimo, msije mkajenga vitu viwili

Seremala wa kwetu huzungumza futi na inchi: mbili kwa nne, sita kwa moja. Mwanafunzi aliyetoka chuoni huja na milimita. Wote wako sahihi, na kitu chao hakitaingiliana. Inchi 1 ni milimita 25.4, ukiihesabu kama 25, kwa urefu wa inchi 48 umekwisha kosea milimita 19, karibu sentimita 2. Mlango hautafunga.

- Chagueni kipimo kimoja cha michoro. Fundi akipenda inchi, michoro iwe ya inchi.
- Kumbukeni mbao ikipigwa randa hupungua. Pimeni mbao iliyo mkononi, si jina lake la dukani.
- Tumieni futi kamba moja kwa sehemu zinazokutana. Kamba mbili za bei rahisi zinaweza zisilingane.
- Makundi madogo yanayotengeneza sehemu tofauti yaandikiane vipimo vya pale zinapounganika, na vipimo hivyo visibadilishwe bila kuwaambia wenzao.

7. Endesheni kikao kisichoumiza watu

Kikao cha ubunifu si baraza. Saa moja na nusu inatosha. Huu ni mpango unaofaa:

1. Dakika tano: mwandishi asome maamuzi ya kikao kilichopita.
2. Dakika ishirini: kila kundi dogo lionyeshe kitu. Asiye na cha kuonyesha aseme tu hana, asijaze muda kwa maneno.
3. Dakika arobaini: maoni.
4. Dakika kumi na tano: maamuzi.
5. Dakika kumi: nani anafanya nini, mpaka lini.

Kwenye maoni, fuateni kanuni tatu. Kwanza, zungumzieni kitu, si mtu. "Mlango huu unafungukia upande wa mvua" ni maoni. "Wewe hufikiri" ni matusi. Pili, anayekosoa aseme anachokiona kitatokea, si anachokipenda. Tatu, aliyetengeneza asijitetee hadi maoni yaishe. Aandike tu.

Mpangilio wa kusema una uzito wake kwetu. Mzee akisema kwanza, vijana watamuunga mkono hata kama hawakubaliani, na mgeni mwenye shahada akitangulia, wanakijiji watanyamaza. Anzeni na mdogo na mmalizie na mkubwa. Mzee atabaki na heshima yake, kwani kwetu neno la mwisho ndilo zito, na nyinyi mtakuwa mmesikia yote.

Saa ya kikao nayo ichaguliwe vizuri. Kikao cha saa kumi na mbili jioni humfungia nje anayepika. Kama mwanamke ndiye atakayetumia kikaushio, kikao bila yeye ni kupoteza jioni.

8. Andikeni maamuzi, si mazungumzo

Daftari moja, mistari minne kwa kila uamuzi:

- Tarehe.
- Tumeamua nini.
- Kwa nini.
- Nini kitatufanya tubadili.

"Kwa nini" ndiyo mstari unaookoa makundi. Miezi miwili baadaye mtu atauliza mbona miguu ya kikaushio ni mirefu. Kama daftari linasema "kuku na unyevu wa chini", mjadala umekwisha. Bila hilo mtaanza upya, na kila mtu atakumbuka lake.

WhatsApp ni nzuri kwa kuitana na kutumiana picha, ila isiamue. Mwenye simu ndogo hayumo. Mwenye bando lililoisha hayumo. Ujumbe wa sauti wa dakika tano hakuna atakayeusikiliza mara mbili. Uamuzi ukifikiwa kwenye simu, uandikwe daftarini na usomwe kikao kinachofuata, la sivyo haupo.

Kwa wanaochora kwenye kompyuta: kila faili lipewe jina la kitu, namba ya toleo na tarehe. "Mchoro wa mwisho kabisa mpya" si jina. Lile linalotumika liwe moja tu, na mtu mmoja awe na kazi ya kulitunza.

9. Mtegeaji, mjuaji na aliyekata tamaa

Kila kundi lina hawa, wakati mwingine ndani ya mtu mmoja.

Mtegeaji. Kabla ya kumhukumu, tazameni alipewa nini. Kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ni vigumu kutegea, kwa sababu kila mtu hupimiwa kipande chake na jembe lililolala linaonekana na wote. Kazi ya kubuni haionekani: "nafikiria" inaweza kuwa kazi au usingizi. Basi ifanyeni ionekane. Badala ya "shughulikia paa", mwambieni "leta Jumamosi paa la boksi na bei ya nailoni kutoka maduka mawili". Akikosa mara ya kwanza, mwulizeni pembeni. Akikosa tena, kazi ihamie kwa mwingine na daftari lionyeshe hivyo. Wanachuo, hili linawahusu: daftari ndilo ushahidi wenu mbele ya mwalimu, na ni bora kuliko malalamiko siku moja kabla ya kuwasilisha.

Mjuaji. Mara nyingi kweli anajua. Tatizo ni kwamba wengine huacha kufikiri akiwapo. Mpeni kazi inayotumia ujuzi wake kwa ukamilifu, na kanuni moja: anachodai kikiweza kupimwa, akipime mbele ya wote.

Aliyekata tamaa. Huyu alipendekeza jambo, likakataliwa bila kusikilizwa, tangu hapo huitikia tu. Mtafute kabla hajaondoka. Ukute alikuwa na hoja ya tundu la juu.

10. Fedha: gaweni kabla hamjaanza kutumia

Reli ya Usambara ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893. Ilifika Muheza mwaka 1896, umbali wa kilomita 40 hivi, kampuni ikaishiwa fedha. Reli ikasimama hapa petu mpaka serikali ya Kijerumani ilipoichukua mwaka 1899. Miradi midogo nayo hufia palepale: kitu kimeanza, fedha zimekwisha, na kilichopo hakimfikishi mtu popote.

- Gaweni fedha mafungu matatu: majaribio, kitu chenyewe, na marekebisho baada ya kukitumia. Fungu la tatu ndilo husahaulika, na ndilo huamua kama kitu kitaishi.
- Mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani wenye mafungu ya 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni deni la kurejeshwa. Fanyeni majaribio ya boksi na mabanzi kwa michango midogo, ndipo mwombe mkopo mkiwa na kitu kilichokwisha kufanya kazi.
- Mtunza fedha asiwe mnunuzi. Risiti zibandikwe kwenye daftari, hata ya misumari.

11. Kitu kikifanikiwa, ni cha nani?

Swali hili huonekana la aibu wakati hakuna faida, na huwa la vita faida inapokuja. Liandikeni mwanzoni:

- Nani anaruhusiwa kutengeneza na kuuza kingine?
- Anayeondoka anaondoka na nini?
- Jina la bidhaa ni la kikundi au la mtu?
- Picha na sifa zitatajwa kwa jina la nani?

Kikundi kiandikishwe halmashauri kikiwa na katiba yake. Afisa maendeleo ya jamii ndiye wa kumwona. Alama ya biashara na hataza kwa Tanzania Bara ni kazi ya BRELA. Mkibuni chakula au kinywaji, kama juisi ya machungwa, ulizeni TBS, shirika la viwango, mapema, kabla ya kuchapisha lebo. SIDO hushauri viwanda vidogo, na ofisi yao ya mkoa iko Tanga. Mwenye wazo jipya kabisa aulizie pia MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza mwaka 2019.

12. "Lakini…"

"Lakini sisi si wahandisi." Ngazi tatu za kwanza hazihitaji mhandisi. Kitu kikianza kubeba uzito wa watu, umeme, moto au mvuke, mwiteni mtaalamu bila ubishi.

"Lakini hatuna muda wa maboksi." Mna muda wa kubomoa? Boksi ni kazi ya alasiri moja.

"Lakini mfadhili amekuja na mchoro wake." Mshukuruni, kisha ombeni kuuchora chini kwa majivu pamoja naye na watumiaji. Mchoro mzuri utapita. Mbaya ataugundua mwenyewe, bila nyinyi kumkatalia.

"Lakini tumekwisha gombana." Rudini ngazi moja nyuma. Kama mnagombea fremu, rudini kwenye boksi. Kama mnagombea boksi, rudini kwenye sentensi, mwisome kwa sauti. Mara nyingi mtakuta wawili wanabuni vitu viwili tofauti, na huenda kila kimoja kinafaa kwa mtu wake.

"Lakini mmoja wetu anafanya kila kitu, na anafanya vizuri." Basi mna kiwanda cha mtu mmoja. Siku akiugua au akiolewa Korogwe, mtabaki na kitu msichojua kukitengeneza. Kila sehemu ijulikane na watu wawili.

Wiki yenu ya kwanza

1. Siku ya kwanza: andikeni sentensi. Isomwe mara mbili, kila mtu aseme kwa maneno yake alichoelewa.
2. Siku ya pili: wawili waende kwa watumiaji watatu, watazame kazi inavyofanywa sasa. Wasiuze wazo.
3. Siku ya tatu: gawaneni kazi, mchague mwandishi, mfungue daftari.
4. Siku ya nne: choreni chini kwa ukubwa halisi, mahali kitu kitakapokaa.
5. Siku ya tano: kila mtu achore karatasi yake, mbandike, mchague mawazo mawili, si moja.
6. Siku ya sita: tengenezeni yote mawili kwa boksi, mumpe mtumiaji.
7. Siku ya saba: pumzikeni. Fundi asikate mbao hata moja mpaka daftari liwe na angalau ubishi mmoja uliomalizwa na uamuzi wake ukaandikwa. Kama ukurasa bado mweupe, rudini kwenye boksi mkaulizane tena.